Mashine Mpya Isiyotulia

Peleka kwa fundi kompyuta mpakato inayojizima ovyo, na mara nyingi hukumu itatolewa kabla hata haijawashwa: "Hii tuipige Windows upya." Bei inatajwa, flashi inatolewa kwenye droo, na jioni unakabidhiwa mashine nyeupe isiyo na faili lako hata moja. Kuna zinazopona kwa njia hiyo, sikatai. Lakini mashine ikiwa mpya, na kasoro yake ikiwa kwenye kifaa chenyewe, itazima tena kabla wiki haijaisha, na safari hii hata kumbukumbu za ilivyokuwa ikizima hazipo, kwa sababu zilikuwa ndani ya Windows ile iliyofutwa. Ni kumpa mgonjwa dawa ya malaria bila kumpima, na akizidiwa unamwongezea dozi ileile.

Katika sura zilizotangulia tulihangaika na mashine zilizokula miaka: feni iliyojaa vumbi, diski iliyochoka, betri iliyovimba. Huko swali lilikuwa namna ya kuitengeneza. Mashine iliyotoka dukani mwezi huu ina swali jingine. Je, kosa liko kwenye programu, ambayo unaweza kuirekebisha mwenyewe ukiwa umekaa sebuleni, au liko kwenye kifaa, ambacho muuzaji ndiye anayepaswa kukibadilisha? Na swali hilo lina tarehe ya mwisho, iliyoandikwa kwenye risiti.

Wengi hushangaa kitu kipya kuharibika. Wahandisi hawashangai. Kwa vifaa vya kielektroniki, uharibifu huwa mwingi siku za mwanzo, kisha hushuka na kutulia kwa miaka kadhaa, halafu hupanda tena uzeeni. Chipu yenye kasoro ndogo, au nukta ya lehemu isiyoshika sawasawa, inaweza kupita ukaguzi wote wa kiwandani na kujitokeza baada ya mashine kupata joto na kupoa mara kadhaa mikononi mwako. Ndiyo maana viwanda makini huziacha mashine zikifanya kazi kwa muda kabla ya kuzifunga kwenye maboksi, na ndiyo maana waranti ipo. Laptopu iliyomaliza mwaka mmoja bila vurugu naiamini zaidi kuliko uliyoifungua jana.

Tuanze na kile kioo cha bluu kinachotokea Windows inapoanguka, maana watu hukiogopa bila kukisoma. Windows ina kiini kinachosimamia kila jambo: nani atumie kumbukumbu, nani aandike kwenye diski, nani apewe zamu kwenye prosesa. Kiini kikikuta jambo ambalo halikupaswa kutokea kabisa, mathalani sehemu ya kumbukumbu iliyobadilika bila kuguswa na mwenye ruhusa, hakina tena namna ya kujua kama kazi zinazofuata ni salama. Kikiendelea, huenda kikaandika takataka juu ya hesabu zako za mwaka mzima. Basi kinasimamisha kila kitu kwa makusudi, kinaandika ripoti fupi, kisha mashine inajiwasha upya. Kwa hiyo kioo kile kinapotokea, Windows imefanya kazi yake. Aliyeisababishia ni mwingine.

Mwezi Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani huku mwenzake Chris Capossela akionyesha jinsi Windows 98 inavyopokea kifaa kipya bila usumbufu. Akachomeka skana, na kioo cha bluu kikafunguka mbele ya ukumbi mzima. Watu walicheka, Gates akatania kwamba pengine ndiyo sababu ilikuwa bado haijaingia sokoni. (Tangu 2025 Windows 11 imebadilisha rangi, kioo sasa ni cheusi. Mafundi wanaendelea kukiita cha bluu, nami nitawafuata.)

Tazama kilichomwangusha Gates: kifaa kilichochomekwa, na programu ndogo inayokiunganisha na Windows, yaani draiva. Draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya kiini, kwa hiyo ikikosea yenyewe, kila kitu kinaanguka nayo. Nyaraka za Microsoft zilizowekwa wazi kupitia kesi ya Windows Vista nchini Marekani zilionyesha kuwa, kati ya mianguko iliyorekodiwa mwaka 2007, karibu asilimia 29 ilitokana na draiva za Nvidia, wakati iliyotokana na Microsoft yenyewe ilikuwa karibu asilimia 18. Miaka 17 baadaye, tarehe 19 Julai 2024, faili moja la kusasisha programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Ndege zilikwama, hospitali zikaahirisha huduma. Hakuna hata moja kati ya mashine hizo iliyokuwa imeharibika. Faili likifutwa, zinaamka.

Nasema haya ili usikimbilie kuilaumu laptopu yako. Usikimbilie kuitetea pia. Ushahidi upo ndani yake, na kuusoma hakuhitaji shahada.

Kwanza izuie isijiwashe upya haraka, kwa sababu kioo hukaa sekunde chache tu kabla ya kupotea. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe tiki palipoandikwa Automatically restart. Ikianguka tena, itasubiri. Ipige picha kwa simu. Unachotafuta ni maneno ya herufi kubwa yaliyounganishwa kwa mistari, mfano MEMORY_MANAGEMENT au DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, na pengine jina la faili linaloishia na .sys. Jina hilo la faili ni dhahabu, kwa kuwa mara nyingi humtaja mwenye draiva moja kwa moja.

Kisha andika perfmon /rel. Huu ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote katika Windows, na sijawahi kuelewa kwa nini wameuficha. Unapata grafu ya siku zilizopita, yenye mstari unaopanda na kushuka kati ya 1 na 10, na chini yake duara jekundu lenye alama ya X kwa kila siku mashine ilipoanguka. Mhasibu mmoja wa shule aliniletea laptopu yake akiwa ameshakata tamaa. Tulipofungua ukurasa huo, siku za mwanzo zilikuwa safi, mstari uko juu, halafu kuanzia Jumanne moja maduara mekundu yakafuatana hadi mwisho. Ukibofya Jumanne ile, chini ya lile duara kuna mstari mwingine, wa taarifa tu: draiva ya Wi-Fi imesasishwa. Windows ilikuwa imejiletea yenyewe usiku. Tulifungua Device Manager, tukairudisha draiva ya awali, na maduara yakakoma. Angepiga Windows upya, Windows ingemletea draiva ileile tena.

Ripoti zenyewe hukaa kwenye folda ya Minidump iliyo ndani ya C:\Windows. Zinakili kwenye flashi mapema, kabla mtu yeyote hajaigusa mashine.

Kuhusu kusoma misimbo, kanuni niliyoiona ikifanya kazi ni rahisi. Msimbo mmoja unaojirudia, unaotaja faili lilelile, shuku draiva. Misimbo inayobadilika kila mara, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa mwingine kabisa, na majina ya faili yasiyohusiana, shuku RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni prosesa au kifaa kingine kuripoti hitilafu chenyewe, na hapo uzito uko upande wa kifaa, ingawa kasoro ya BIOS nayo huweza kuuleta. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE hupenda kutokea ukifunga kifuniko au ukikifungua, pale kifaa fulani, mara nyingi cha mtandao, kinapogoma kulala au kuamka na wenzake.

Kuna mashine ambazo hazionyeshi kioo chochote. Zinakatika tu, kama taa iliyozimwa. Fungua Event Viewer utafute Kernel-Power, namba 41. Hiyo haikwambii sababu, inakwambia tu kwamba Windows ilizimika bila kuagwa. Wengi huikuta, wakaitafuta mtandaoni, wakanunua chaja mpya bure. Angalia ndani ya maelezo yake kipengele cha BugcheckCode: kikiwa sifuri, hakuna mwanguko wa kiini uliorekodiwa, na unapaswa kufikiria umeme, joto, au mashine iliyoganda ukaizima kwa kidole. Jaribu kutumia betri peke yake, kisha chaja. Ikizima kwenye hali moja tu, umeshapunguza nusu ya kazi. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa ukomo wa joto wa karibu nyuzi 100, na zikishindwa kupoa mashine hujikata ili isiungue. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro, matundu yake yamezibwa na shuka, katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili, haihitaji kasoro nyingine.

RAM inahitaji muda wake, kwa sababu ndiyo inayodanganya kuliko kifaa kingine chochote. Mwaka 2009 watafiti wa Google pamoja na Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha walichokiona kwenye seva za kampuni hiyo: zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya RAM vilikuwa na hitilafu angalau mara moja kwa mwaka. Seva hizo zina RAM inayojisahihisha na kuhesabu makosa yake. Laptopu ya kawaida haina uwezo huo. Tarakimu moja ikigeuka, hakuna anayejua, hadi programu iliyokuwa ikiitegemea ianguke, na programu hiyo ndiyo itakayolaumiwa. Leo ni kivinjari, kesho ni Word, keshokutwa ni kiini chenyewe.

Windows ina kipimo chake. Andika mdsched, ukubali iwashwe upya, kisha ubonyeze F1 uchague Extended, maana kile cha kawaida ni chepesi mno kwa mashine unayoishuku. Mimi huamini zaidi MemTest86, unayoiweka kwenye flashi na kuiwashia mashine kutoka hapo. Toleo lake la bure hupitia kumbukumbu yote mara nne. Ianze jioni, mashine ikiwa kwenye chaja, ukalale. Asubuhi utakuta ama hakuna hitilafu, ama orodha ya hitilafu na anwani zake. Watu huniuliza hitilafu ngapi ni nyingi. Moja. Kwa RAM hakuna kiwango cha kuvumilia. Piga picha, na suala la Windows limekwisha hapo.

Fundi atakwambia RAM ni kitu kidogo, anayo nyingine, ataibadilisha sasa hivi. Mkatalie kwa upole. Kwenye laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye madabodi, kwa hiyo kubadilisha RAM ni kubadilisha madabodi nzima, kazi ya mwenye waranti. Hata ile inayochomoka, ukishafungua skrubu umempa muuzaji sababu ya kusema umeiharibu wewe.

Diski nitaipita haraka, kwa kuwa SSD mpya mbovu hujionyesha: faili hazifunguki, kunakili kunakwama, au mashine inawaka na kudai haina cha kuwashia. CrystalDiskInfo itakueleza hali yake kwa nusu dakika. Usiifunge programu hiyo upesi lakini, tunaihitaji kwa jambo jingine.

Jambo hilo ni hili: una uhakika mashine yako ni mpya? Sokoni kwetu kuna boksi jipya lenye mashine iliyosuguliwa, na wauzaji wengine nao wameuziwa hivyo bila kujua. CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imefanya kazi tangu izaliwe. Mashine ya wiki moja yenye maelfu ya saa ina historia. Betri nayo inasema. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakuandalia ukurasa wenye ujazo wa betri ilipotengenezwa, ujazo wake wa sasa na, kwenye mashine nyingi, mara ilizochajiwa. Mwisho ingiza namba ya mashine (serial number) iliyoko chini yake kwenye tovuti ya mtengenezaji. Utaona waranti ilianza lini, na kwa kawaida inahudumiwa katika nchi zipi. Mashine iliyopita Dubai au Marekani huweza kuwa halali kabisa na bado isiwe na huduma ya mtengenezaji hapa, ukabaki na ahadi ya muuzaji peke yake.

Tena kuna mashine mpya kweli zilizouzwa zikiwa na FreeDOS, ili bei ishuke. Mnunuzi huipeleka mlango wa pili kuwekewa Windows. Kinachowekwa huko mara nyingi ni nakala moja ya flashi inayozunguka mtaa mzima, pamoja na mkusanyiko wa draiva za jumla zilizokusudiwa kufaa kila laptopu, na kidude cha kuidanganya Windows ijione imelipiwa. Laptopu ya namna hii ikianguka, usipoteze usiku na MemTest86 kwanza. Hapa, na ni hapa tu, nakubaliana na fundi: ipigwe upya. Lakini kwa faili la Windows lililopakuliwa kwa Microsoft yenyewe, na draiva za modeli yako hasa kutoka kwa mtengenezaji. Na usiwe na programu mbili za kuzuia virusi kwa wakati mmoja. Zote mbili zinataka kukaa mlango uleule wa kiini.

Tahadhari mbili kabla hujagusa chochote kikubwa. Windows 11 huweza kuisimba diski yako bila kukuuliza, na ukisasisha BIOS au kubadilisha madabodi itadai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Katika ile Julai ya CrowdStrike kulikuwa na ofisi zilizojua faili la kufuta na bado zikakwama, kwa sababu funguo hazikupatikana upesi. Ufunguo wako huenda uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uchukue leo, uuandike mahali nje ya mashine hiyo. Ya pili, usisasishe BIOS betri ikiwa chini kwa kutegemea kwamba umeme utakuwepo. Unajua tunapoishi.

Na unapoambiwa "zima uwashe," chagua Restart. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua kuzima, kiini huhifadhiwa kwenye diski kilivyo ili mashine iwake haraka kesho yake, kikiwa na kasoro zake zote. Restart ndiyo inayokianzisha upya kabisa.

Sasa dukani. Mazungumzo nimeyasikia mara nyingi hata nayajua kabla hayajaanza.

"Dada, hiyo ni Windows tu. Windows haihusiani na waranti."

Mtu aliyekwenda mikono mitupu hana jibu, ataishia kuacha mashine "iangaliwe" hadi muda wa kurudisha upite. Mwenye ushahidi hujibu bila kupandisha sauti: "Kaka, hizi hapa picha za misimbo na tarehe zake. Hii ni picha ya kipimo cha RAM, kimewashwa kutoka kwenye flashi, Windows haikuwepo hata kidogo. Hitilafu hizi hapa." Maneno "Windows haikuwepo" ndiyo yanayomaliza ubishi, kwa kuwa hakuna tena programu ya kusingiziwa. Omba mashine nyingine badala ya matengenezo, na ukikubali matengenezo, waandike tarehe uliyoiacha, malalamiko yenyewe na namba ya mashine, wagonge muhuri. Risiti nyingi zina maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Yasome kabla ya kulipa, na uulize mbele ya shahidi yanahusu nini ikiwa kitu ni kibovu.

Sheria haijamwacha mnunuzi mtupu. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayochukulia kuwa anayefanya biashara ya bidhaa fulani anauza kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 iliyoanzisha Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake. Kenya ina sheria yake ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012. Kwa kweli ni wachache watakaofika huko kwa ajili ya laptopu moja, na mara nyingi si lazima. Muuzaji mzoefu akiona karatasi zako zimepangwa, hupiga hesabu ya muda wake na kwenda kuchukua boksi jingine.

Usimwachie diski yenye mambo yako. Nakili faili zako, toka kwenye akaunti zako, kisha, ushahidi ukiwa tayari umetoka salama, ifute.

Kama unasoma sura hii laptopu yako ikiwa na wiki moja na imeshaanguka mara tatu, usiendelee na sura inayofuata. Washa kipimo cha RAM usiku huu, tafuta risiti, na kesho uwe dukani kabla hawajapata wateja wengi.